Mashine Imekufa Al-Malqa: Nguo Yatoharika kwa Maji Kiasi Gani?

Barabara ya Anas bin Malik inaukata mtaa wa Al-Malqa, kaskazini mwa Riyadh, ikipita kwenye majengo mapya ya fleti, migahawa na nyumba kubwa zilizojificha nyuma ya kuta ndefu. Jina lake ni la Sahaba wa Madina aliyepelekwa kwa Mtume akiwa mtoto wa miaka kama 10, akamtumikia kwa miaka 10 mingine. Ni Anas aliyesimulia, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Ni yeye pia aliyesimulia kisa cha bedui aliyesimama akakojoa msikitini Madina: watu walimrukia kwa makelele, Mtume akawazuia, na bedui alipomaliza ikaamriwa ndoo ya maji imwagwe pale mahali. Ndoo moja, basi.

Hadithi hizo mbili huwa na kazi kubwa siku mashine ya kufulia inapokufa katika mojawapo ya fleti hizo.

Fleti zenyewe si za bei ya kutupa. Al-Malqa iko jirani na majumba marefu ya kifedha ya KAFD, na kodi za Riyadh zilikuwa zimepaa mno hata mwezi Septemba 2025 serikali ikapiga marufuku kuzipandisha jijini humo kwa muda wa miaka 5. Mtu wa mshahara wa kati, awe muuguzi kutoka Mombasa au mhandisi kutoka Dar es Salaam, anaambulia chumba na sebule, jiko la kugeukia tu, na mashine iliyochomekwa bafuni kwa sababu hakuna pengine pa kuiweka. Ikigoma katikati ya kukamua, mlango umejifunga na maji yamo tumboni na kanzu ya Ijumaa imo ndani ya maji, mfuko wa fedha si kitu cha pekee kinachotikisika. Kwa Mwislamu aliyelelewa pwani, nguo ina mitihani miwili: usafi na tohara. Inaweza kunukia udi na isifae kuswalia. Inaweza kuwa na doa la chai kifuani na ikafaa kabisa.

Swali la kwanza, hata hivyo, ni la mali. Itengenezwe au itupwe? Al-Mughira bin Shu'ba, alipoombwa na Muawiya amwandikie jambo alilolisikia kwa Mtume, aliandika kwamba Mwenyezi Mungu anachukia porojo za huyu kasema na yule kasema, wingi wa kuuliza, na kupoteza mali. Wanavyuoni wengine walifasiri huko kuuliza kuwa ni kuombaomba, wengine wakasema ni maswali ya kupita kiasi. Tafsiri zote mbili zipo vitabuni. Hii ya pili itafaa kukumbukwa hapo mbele, kwa sababu mtu mwenye mashine mbovu hujikuta anayafanya yote mawili kwa pamoja: anauliza mno, na anapoteza.

Mashine nyingi zinazotangazwa kufa hazijafa. Chini pembeni, kwenye zile za mlango wa mbele, kuna kijilango kidogo cha plastiki. Fundi huweka sinia, akafungua kifuniko kilicho ndani yake polepole, maji meusi yenye harufu ya sabuni iliyooza yakachuruzika, kisha akatoa chujio. Humo hupatikana sarafu ya nusu riyali, kibanio cha nywele, kishikizo, punje ya tasbihi, soksi ya mtoto. Pampu ilikuwa imezibwa tu. Mkanda uliokatika, brashi za mota zilizokwisha, mpira wa mlango uliopasuka: hizo nazo ni kazi za mchana mmoja. Anayeitupa mashine kwa ajili ya sarafu ya nusu riyali hana cha kujitetea.

Beringi ni habari nyingine. Zikisagika, mashine hunguruma wakati wa kukamua kiasi cha kumwamsha jirani, na katika aina nyingi za leo pipa la nje limeunganishwa kwa kuyeyushwa, vipande viwili vya plastiki vikawa kimoja. Beringi ya bei ndogo haitoki bila kununua pipa zima, na pipa zima na gharama ya fundi vinakaribia bei ya mashine mpya. Hapo israfu imefanyika kiwandani, zamani, kabla mnunuzi hajaingia dukani. Mafakihi wa kale walijua kumlaumu mtu anayemwaga maji. Hawakukutana na chombo kilichoundwa kisitengenezeke. Ni haki kusema kwamba dhambi hiyo, kama ni dhambi, haimwelemei mpangaji wa Al-Malqa peke yake.

Na kama fleti ilipangishwa na vyombo vyake, fiqhi ina jibu fupi: mkono wa mpangaji ni mkono wa amana. Kilichoharibika kwa matumizi ya kawaida hakilipi. Kilichoharibika kwa uzembe wake analipa. Soksi ya mtoto iko upande gani, hilo ni la kuelewana na mwenye nyumba.

Tuseme imeamuliwa: mpya inunuliwe. Dukani zimepangwa za aina tatu. Kuna ya mlango wa mbele, inayotumia kiasi cha lita 50 kwa mfuo mmoja. Kuna ya mlango wa juu, ambayo zile za zamani za mtindo wa Kimarekani huweza kunywa hata lita 150. Na kuna ile ya bei nafuu kuliko zote, ya matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, ambayo mtu huijaza maji mwenyewe kwa mpira wa bomba. Muuzaji atazungumzia kilo, dhamana na lebo ya umeme. Mteja wa Kishafii anapiga hesabu nyingine kimoyomoyo.

Hesabu hiyo alifunzwa chuoni utotoni, kwenye Safina, kile kitabu kidogo cha Salim bin Sumair wa Hadhramaut kinachosomeshwa pwani yote kutoka Lamu hadi Ngazija. Maji ni mengi au machache. Mengi ni yale yaliyofika kulateini, ambayo vitabu vya madhehebu huyapima kwa tangi la dhiraa moja na robo kila upande, karibu lita 200 kwa makadirio ya leo. Hayo hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Machache yananajisika kwa kuguswa tu na najisi, hata yakibaki maangavu. Sasa hakuna mashine ya nyumbani inayofika lita 200. Zote tatu zinafua kwa maji machache. Je, nguo moja yenye mkojo wa mtoto ikiingia humo, haitakuwa imezinajisi na zile nyingine tisa?

Hili si swali la mtu mjinga wala la mtu mwenye kujitafutia dhiki. Linafuata moja kwa moja kutoka kwenye kanuni aliyofundishwa. Jibu lake limo ndani ya ile ndoo ya bedui. Ndoo ya maji haifiki kulateini hata kwa mbali, na bado ilitakasa. Mafakihi wa Kishafii walijiuliza kwa nini, wakatenganisha mambo mawili: maji kuijia najisi, na najisi kuyajia maji. Maji machache yakimiminwa juu ya najisi, yakaiondoa na yakatoka bila kubadilika, mahali pametoharika. Najisi ikitumbukizwa katika maji machache, maji yameharibika. Kinachoangaliwa ni nani amemwendea mwenzake.

Watu wa pwani waliuishi mpango huu karne nyingi kabla ya umeme. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliwakuta watu wa madhehebu ya Shafii, wacha Mungu, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri. Kwenye kila mlango wa msikiti aliona kisima kimoja au viwili, vifupi, kina cha dhiraa moja au mbili, na chombo cha mti chenye kijiti cha kutekea. Watu walitembea pekupeku. Anayeingia alijimiminia maji miguuni, akajifuta kwenye kipande cha mkeka mnene mlangoni, akaingia. Na anayetawadha alikibana chombo kati ya mapaja akajimiminia mikononi. Msafiri huyo wa Tanja, aliyesoma fiqhi ya Maliki, aliyaandika hayo kama mambo ya kupendeza ya nchi ya mbali. Anayesoma leo anaona fiqhi nzima ya maji machache imekaa mlangoni: maji yanachotwa, yanamiminwa, yanaendea kiungo, na yanakwenda zake. Na pale palipotakiwa watu wachovye mikono, misikiti ya pwani ilijenga birika, na birika lenye nafasi kubwa lilimtoa mtu katika mashaka ya uchache.

Rudi dukani Al-Malqa. Kwenye mashine ya mlango wa mbele, nguo huingia kwanza, mlango hufungwa, kufuli hulia, ndipo maji yanapoachiwa kutoka juu kupitia kisanduku cha sabuni. Haiwezekani kufanya kinyume. Ukijaza maji kwanza yatamwagika sakafuni. Maji ya kwanza yana sabuni, yamegeuka, na kwa Mshafii hayo hutoa uchafu lakini hayatoharishi. Kisha pampu inayavuta yote, ngoma inakamua, na maji safi yanashuka tena juu ya nguo, yanatolewa, yanashuka tena. Mara mbili, mara tatu. Mtengenezaji wake huenda hakuwahi kulisikia jina la Imamu Shafii, lakini amemfuata hatua kwa hatua: kwenye kila suuza, maji ndiyo yanayoiendea nguo, na suuza ya mwisho ikitoka haina rangi wala harufu ya najisi, mambo yamekwisha.

Ile ya matangi mawili ndiyo yenye kasoro, nayo si ya mashine bali ni ya mkono wa mtu. Wengi hufungua bomba, wakajaza tangi, wakakoroga sabuni, ndipo wakatumbukiza nguo. Hapo najisi imeyaendea maji machache. Tiba yake haina gharama: nguo kwanza, maji baadaye, na suuza ya mwisho iwe chini ya maji yanayotiririka. Tena kwa mashine yoyote ile, desturi ya mama wa pwani ya kuisugua kwanza najisi yenye kuonekana chini ya mfereji, mpaka rangi na harufu ziondoke, ndipo nguo iungane na nyingine, inamaliza ubishi kabla haujaanza. Kwa mtoto wa kiume aliye chini ya miaka miwili ambaye bado ananyonya tu, vitabu hivyo hivyo vimeridhika na kunyunyizia maji. Wazazi wengi waliosoma Safina wamekisahau kipengele hicho, na mashine zao zinalipia usahaulifu huo kila usiku.

Jirani wa Kinajdi kwenye ngazi hiyo hiyo ana mashaka ya namna nyingine. Riyadh ni ya Kihanbali, na matini ambayo wanafunzi wa Najd wamekuwa wakiihifadhi ni Zad al-Mustaqni ya al-Hajjawi, aliyefariki 1560. Huyo, baada ya kutaja najisi ya mbwa na nguruwe, anataka najisi nyinginezo nazo zioshwe mara saba, ila bila udongo. Mara saba! Hakuna kitufe cha suuza saba kwenye mashine yoyote ya dukani. Lakini mfafanuzi mashuhuri kuliko wote wa kitabu hicho katika zama zetu, Sheikh Muhammad bin Uthaymin wa Unayza, aliyefariki 2001, hakukubaliana na matini aliyokuwa akiisomesha. Alisema mosho mmoja ukiiondoa najisi yenyewe unatosha, na isipoondoka kwa mmoja basi huongezwa mpaka iondoke. Hesabu haina uzito wake yenyewe. Hivyo Mshafii wa Mombasa na Mhanbali wa Riyadh, walioanza kwa hofu mbili tofauti, mmoja akihofia njia ya maji na mwenzake idadi yake, wanaweza kukutana mbele ya mashine moja na wote wakaruhusiwa kwenda kulala.

Hawalali. Kuna kitufe.

Kwenye mashine nyingi za leo kuna alama ya kuongeza suuza moja juu ya zilizopangwa. Kiliwekwa kwa ajili ya watu wenye ngozi inayowasha kwa mabaki ya sabuni, na kwa kazi hiyo ni kitufe chema. Katika nyumba za wacha Mungu kinapata kazi nyingine: kinakuwa kitufe cha wasiwasi. Suuza tatu zimepita, nguo haina harufu, haina rangi, na bado kidole kinakwenda. Huenda. Labda. Afadhali.

Ghazali aliwajua watu hawa. Alikuwa Mshafii, tena miongoni mwa wakubwa wa madhehebu, lakini katika kitabu chake Ihya, mlango wa siri za tohara, aliandika kwamba angetamani kauli ya Shafii juu ya maji ingekuwa kama ya Maliki, ambaye kwake maji machache hayaharibiki mpaka yabadilike. Sharti la kulateini, kwa maoni yake, ndilo lililochochea wasiwasi na kuwatia watu taabu. Akakumbusha jinsi kizazi cha kwanza kilivyotembea pekupeku na kuswali juu ya ardhi tupu, na akawasuta wale wa zama zake waliotumia muda wao wote kupamba nje huku ndani kumejaa kiburi na ria. Alifariki 1111. Upande wa Kihanbali, Ibn Qudama, aliyefariki 1223, aliandika kitabu kizima cha kuwalaumu wenye wasiwasi. Inaonekana ugonjwa huo haukuchagua madhehebu, na haukusubiri umeme.

Tofauti ni kwamba zamani mwenye wasiwasi alijichosha mikono yake mwenyewe. Leo kidole kimoja kinatosha, na gharama inalipwa mbali sana.

Sehemu kubwa ya maji ya Riyadh ni ya bahari. Tangu 1983 yamekuwa yakiletwa kutoka Jubail, kwenye Ghuba, baada ya kuondolewa chumvi, kwa mabomba yenye urefu wa kilomita 466. Na mji wenyewe uko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanapandishwa mlima usioonekana. Kuinua tu lita 1,000 kimo hicho kunataka zaidi ya uniti moja na nusu ya umeme, kabla ya kuhesabu msuguano wa mabomba. Kuondoa chumvi kwa mitambo ya kisasa ya kuchuja kunataka uniti 3 hadi 4 nyingine. Jeddah inaijua hadithi hii tangu zamani zaidi: mwaka 1907 Waosmani waliweka huko mtambo wa kuchemsha maji ya bahari, na mji ulikaa na kiu mpaka 1947, maji ya Wadi Fatima yalipofikishwa. Kuhusu hukumu ya maji ya bahari hakuna shaka. Wavuvi walimuuliza Mtume zamani hizo, naye akawajibu kwamba yanatoharisha. Shaka iko kwenye kuyamwaga.

Serikali ya Saudia yenyewe ilikiri tatizo. Mpango wa Qatrah, ulioanzishwa 2019, ulitaja matumizi ya lita 263 kwa mtu kwa siku, ukaweka shabaha ya kushusha hadi 150 ifikapo 2030. Sasa chukua kibaba cha Anas. Kibaba cha Madina ni kama lita 0.7, na vibaba vitano, kile kiwango cha juu cha josho la Mtume, ni kama lita 3.5. Suuza moja ya ziada hutumia lita 10 hadi 15. Kidole kimoja, kwa shaka isiyo na ushahidi, kimemwaga majosho matatu au manne ya Mtume.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba mlango wa tohara na mlango wa israfu, ambayo vitabu huipa sura mbili na walimu huisomesha mihula miwili, ni mlango mmoja. Mara nyingi hutajwa hadithi ya Sa'd, aliyekemewa kwa kuzidisha maji ya udhu hata kama angekuwa mtoni. Wapokezi wake wana udhaifu, na wanahadithi wamelisema hilo wazi. Haihitajiki. Kibaba cha Anas ni sahihi, na kinatosha. Anayeongeza suuza ya nne juu ya yakini hajazidisha tohara. Tohara ilikwisha kwenye ya tatu. Alichozidisha ni israfu tu, na katika mji ambao sehemu kubwa ya maji yake imepanda kutoka baharini, israfu hiyo si ndogo.

Kuna anayejibu: maji yenyewe yananunuliwa kwa halali na bili inalipwa. Ni hoja ya kweli kwa mwanasheria. Lakini Mtume, kwa simulizi ya huyo huyo Anas, hakupima udhu kwa bei.

Wiki ambayo mashine mpya haijafika, nguo hufuliwa kwa mkono, na hapo swali linabadilika sura. Mkono wa nani? Kwenye fleti ndogo huwa ni wa mpangaji mwenyewe, akiwa amechuchumaa kwenye bafu, au ni riyali zinazokwenda kwa dobi wa chini. Kwenye nyumba kubwa nyuma ya zile kuta ndefu, mara nyingi ni wa dada wa kazi, pengine kutoka Kenya au Uganda, na mashine iliyokufa haimpunguzii hata shuka moja. Sheria ya Kazi ya Saudia ya 2005 iliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Kanuni zao mpya, zilizoanza kutumika Oktoba 2024, zinaweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku. Ripoti ya Amnesty International ya Mei 2025, iliyotokana na mahojiano na wanawake wa Kenya zaidi ya 70 waliofanya kazi huko, ilieleza siku za saa 16 na kuzidi.

Anas alikuwa mtumishi. Jambo alilolisimulia ni kwamba kwa miaka yote 10 hakuwahi kugunwa, wala kuulizwa kwa nini amefanya hili au kwa nini hakufanya lile. Na Abu Dharr amepokea amri kwamba watumishi wasibebeshwe wasichokiweza, na wakibebeshwa wasaidiwe. Mwenye nyumba anayeamuru shuka zisuuzwe mara ya nne kwa mkono, kwa ajili ya tohara yake, ameagiza kitu ambacho dini yake haikukitaka kutoka kwenye mgongo ambao dini yake imeulinda. Hili halimo katika sura ya maji. Huenda lingefaa kuwamo.

Kwa asiye na fedha za mpya, liko Haraj bin Qasim, soko la vitu vilivyotumika kusini mwa Riyadh, au Sawarikh kwa walio Jeddah. Tahadhari moja ya kidunia kwa anayewaza kuisafirisha mashine hiyo kwao baadaye: umeme wa Saudia ni wa hertz 60, wa Mombasa na Dar ni wa hertz 50, na mota ya kizamani itazunguka kwa upungufu wa sehemu moja katika sita. Zenye mota za kielektroniki hazijali.

Na tahadhari ya kidini? Mashine ya Haraj imefua nguo za nani? Huenda nyumba ile ilikuwa na mbwa, na mbwa kwa Mshafii ni mara saba, moja kwa udongo. Huenda mwenyewe hakuwa Mwislamu. Juu ya hili Riyadh imekwisha kutoa uamuzi mzito zaidi kuliko wa mashine. Mwaka 1978 Baraza la Wanavyuoni Wakuu, kwa uamuzi wake namba 64, lilisema kwamba maji taka yakisafishwa kwa mitambo mpaka rangi, ladha na harufu ya najisi zitoweke kabisa, yanarudia utohara wake, na mtu anaweza kutawadha kwayo. Maji ya mabombani mwa vyoo! Baraza halikuyauliza yalikotoka; liliangalia yalivyo. Leo maji ya namna hiyo yananywesha miti ya mpango wa Green Riyadh, na yale yanayotoka kwenye mashine za Al-Malqa nayo yana njia ya kufika huko.

Chuma kilichooshwa hakina hadhi ya chini kuliko maji hayo. Imamu Malik ameandika katika Muwatta kwamba Umar bin al-Khattab alikuwa safarini na Amr bin al-As, wakafika kwenye hodhi la maji. Amr akamuuliza mwenye hodhi kama wanyama wa mwitu huja kunywa hapo. Umar akamkatiza, akamwambia mwenye hodhi asiwaambie. Shaka haina nguvu ya kuivunja yakini, na asili ya vitu ni tohara. Hiyo ni kanuni ambayo Suyuti aliiweka miongoni mwa tano kuu za fiqhi. Asiyeulizwa hana cha kueleza, na asiyeelezwa hana cha kuosha mara saba.

Kwa hiyo muuzaji wa Haraj aulizwe yale anayopaswa kuulizwa. Ngoma izungushwe kwa mkono isikilizwe beringi. Mpira wa mlango uvutwe uangaliwe ukungu. Ichomekwe kwenye umeme, iachwe ipashe maji, ijulikane kama hita ni nzima. Kijilango cha chini kifunguliwe, na chujio litolewe mbele ya mnunuzi, kabla ya kukubaliana bei na kumtafuta mwenye pikapu.